Kwako Matano, Kwangu Manne

Mwembesongo, Morogoro
6 Mei 2024

Bibi yangu Mosi,

Shikamoo. Hapa nilipo nimekalia ndoo jikoni kwangu. Ile kazi ya kupika kantini kule Mzumbe niliianza Jumatano, na Jumatano hiyohiyo nikaaibika mbele ya watu mia tatu.

Sikiliza, Bibi. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba njegere za kumenywa, bakuli moja ni kilo moja. Kwa watu mia tatu ni mabakuli arobaini, kama ulivyopika kwenye harusi yangu, na watu wakala mpaka wakaomba kufungashiwa. Basi nikaandika: niletewe kilo arobaini. Zikaja, zimepimwa mbele yangu. Nikaanza kumimina kwenye sufuria kwa lile bakuli langu la ua jekundu, pacha wa la kwako, nikihesabu. Nilipofika thelathini na mbili, mfuko ukawa mtupu. Nikaukung'uta. Nikachungulia ndani kama mtu aliyedondosha pete. Hakuna!

Wanafunzi kama sitini wa mwisho kwenye foleni walikula wali mtupu. Mmoja akanipigia makofi.

Msimamizi wetu mpya, Madam Jesca, hakunifokea. Afadhali angefoka. Aliniuliza tu, "Mwanvita, hivi wewe unapimia kofia?" Kisha akanipa mpaka tarehe 31 nimpelekee jedwali: kila mboga, kilo moja ni bakuli ngapi. Soko linauza kwa kilo, sisi wapishi tunapika kwa bakuli, na yeye anataka vitu hivyo viwili visikilizane. Nisipolileta, atatafuta mpishi mwingine.

Naomba unisaidie. Mizani iko hapo hapo barazani kwako, na bakuli ni pacha. Pima tena njegere, viazi vya kukatwa, na mchicha. Mimi nitapima huku kwa mizani ya kantini, tulinganishe. Barua hii anakuletea mume wangu Kondo kesho, akija kununua mboga, pamoja na matenga matupu.

Mjukuu wako,
Mwanvita


Luhindo, Uluguru
9 Mei 2024

Kwa mke mwenzangu Mwanvita,

Marahaba. Pole kwa wali mtupu, ila nimecheka mpaka jirani akaja kuchungulia.

Kwanza usinilaumu kwa kuandika badala ya kupiga simu. Ile uliyoniletea nimeivika kitambaa, iko kabatini. Hapa mtandao haufiki, na hata ukifika, masikio yangu yameshastaafu. Watu wakinisemesha natabasamu, nasema Inshallah, wanaondoka wameridhika. Ndivyo ninavyoishi na binadamu, na sijagombana na mtu.

Mume wetu alifika Jumanne, akanipasulia kuni bila kuombwa. Ukimchoka nirudishie, mke mkubwa ni mimi. Tangu aning'inize mizani yake hapa barazani, mwaka wa tatu sasa, baraza limechangamka. Kijiji kizima kinapimia mboga kwangu. Kwa mtu mwingine wangetaka kwanza kuikagua mizani chini juu, lakini kwa Bi Mosi mtu anatua mzigo, anapokea kikaratasi chake, anakwenda zake. Jina hilo nimelitafuta miaka sabini na minne, sikupewa kama zawadi.

Sasa kazi yako. Nimepima tangu asubuhi. Njegere: kilo tano, mabakuli matano, ile ile ya siku zote. Viazi vya kukatwa: kilo tano, mabakuli matano. Mchicha uliokatwa na kushindiliwa: kilo moja, mabakuli matano.

Kosa lako nalijua. Nyie wa mjini mnajaza bakuli mpaka linaota kilele, kama mnamtegea mgeni. Bakuli la kupimia linajazwa, halafu unapitisha kiganja juu ya ukingo, kinachomwagika si chako. Fanya hivyo, utaniambia.

Bibi yako mwenye akili zake zote,
Mosi binti Kibwana


Mwembesongo
13 Mei 2024

Bibi,

Shikamoo. Nimepitisha kiganja mpaka kimeota sugu. Njegere: kilo tano, mabakuli manne. Viazi: kilo tano, mabakuli manne. Mchicha: kilo moja, mabakuli manne. Kwako matano, kwangu manne, kila mboga! Ingekuwa moja tu ningesema nimekosea mimi. Zote tatu, tena kwa kipimo kilekile, hapana, Bibi, nimeshikwa na bumbuwazi.

Nimeyachunguza mabakuli. Langu halijabonyea. Tuliyanunua siku moja kwa muuzaji mmoja, na ulimtaka ayapachike moja ndani ya lingine, ukakataa kulipa mpaka ulipoona yameshindwa kuingiana.

Jana wakati wa chakula nilimweleza Kondo. Alicheka. Akasema, "Mke wangu, kule juu ni karibu na mawingu, vitu vinakuwa vyepesi." Nami kidogo nimwamini, maana alisema kwa kujiamini kama mtu wa hali ya hewa. Kisha akasukuma sahani. Ugali ulibaki nusu, na wewe unamjua mume wako, habakishi.

Leo nimemweleza Madam Jesca habari ya mawingu. Alinijazia kikombe maji. Akasema maji hayana ubishi: lita moja ya maji ni kilo moja, iwe bondeni au juu ya mlima. Kwa hiyo, Bibi, chukua dumu la lita ishirini, lijaze maji mpaka shingoni, litundike kwenye mizani. Inatakiwa ionyeshe kilo ishirini, na kidogo juu yake kwa ajili ya dumu lenyewe. Ikionyesha hivyo, basi kosa ni la mizani ya kantini, na mimi nitapona. Nina imani ni ya kantini. Imeliwa na kutu.

Zimebaki wiki mbili na siku chache. Nijibu Ijumaa.

Mwanvita


Luhindo
16 Mei 2024

Kwa mke mwenzangu,

Marahaba. Barua yako nimeichukua mwenyewe mfukoni kwa Kondo. Niliiona imechomoza kwenye koti lake wakati anapakia karoti, nikanyoosha mkono. Akashtuka kama nimemshika kiunoni. Nikamwambia, "Kwani mke hapekui mfuko wa mumewe?" Watu wote barazani wakacheka, angalau midomo yao ilikuwa wazi.

Ila nina swali. Bahasha imegundishwa kwa ugali. Ugali kabisa, umekauka, na chembe ya muhogo ndani yake. Tangu lini nyumba yako ikakosa gundi? Na wewe hupiki ugali wa muhogo.

Mvua bado inanyesha. Njia ya juu imekatika mahali pawili, gari la Kondo tu ndilo linalothubutu kupanda, basi hatuna pengine pa kuuzia. Mwanaasha wa shamba la chini ana njegere nyingi mwaka huu, mpaka anazimenya akiwa amelala. Jana alipita hapa, akasimama mbele yangu akasema maneno mengi kwa mikono. Nikamwitikia vizuri, nikampa ndizi.

Sasa geuza ukurasa wa pili nikueleze habari ya dumu, maana


Mwembesongo
20 Mei 2024

Bibi,

Shikamoo. Barua imenifikia, ila uzee nao una mambo yake: umeandika "geuza ukurasa wa pili" na ukurasa wa pili haumo. Hata jina hukutia. Nimeikung'uta bahasha kama nilivyokung'uta ule mfuko wa njegere. Kondo anasema huenda umeuwashia moto, maana alikukuta unachochea jiko.

Habari ya ugali sijaielewa. Bahasha niliigundisha kwa gundi ya dukani. Sijapika ugali wa muhogo tangu niolewe, Kondo ndiye anayeula huko njiani na madereva wenzake.

Tafadhali niandikie tena, neno moja tu linatosha: ishirini au siyo ishirini. Siku zinakwisha.

Mwanvita


Luhindo
22 Mei 2024

Mwanvita,

Leo sina utani.

Barua hii nimeifunga kwa jani la mgomba, nimechimba tumbo la kabichi kwa kisu, nimeiweka humo. Nimempa Rehani wa bodaboda aliyevusha pikipiki kwa kuibeba begani pale njia ilipokatika. Nimemwambia kabichi hili ni lako mkononi, asilibadilishe na lingine hata akipewa manne.

Sikuuchoma ukurasa. Niliandika kurasa mbili, nikazikunja pamoja, nikalamba bahasha mwenyewe, nikampa Kondo mkononi. Sasa soma tena taratibu sentensi zako mwenyewe za mwisho, kuhusu ugali na nani anayeula. Mimi nimezisoma, nikaenda moja kwa moja kuchuma kabichi.

Nilichoandika kwenye ukurasa wa pili ni hiki. Rehani alinisaidia kulitundika dumu tupu. Mshale ulitikisika tu ukatulia. Tukalijaza maji mpaka shingoni. Kumi na sita. Nikasema macho yangu, nikavaa miwani. Kumi na sita. Tukamwaga, tukateka mengine mtoni, maana nilishaanza kuyashuku hata maji ya bomba. Kumi na sita! Rehani aliangalia mshale, akaniangalia mimi, kisha akaangalia miguu yake. Sikuelewa kwa nini.

Nimefanya hesabu kwa punje za mahindi juu ya mkeka. Gunia la mia hapa barazani linasoma themanini. Katika kila magunia matano, moja linapanda gari bila jina. Miaka mitatu. Yarabi, miaka mitatu, chini ya paa langu, watu wakiuamini uso wangu.

Na wewe uliyepotoshwa na mizani hiyo ukadhani bakuli ni kilo, mimi ndiye niliyekufundisha. Kabla hajaileta, bakuli lilikuwa kilo na robo. Niliwahi kulijua hilo! Mizani ikaniambia vingine nikaona ni mimi nimezeeka, nikakubali. Ndilo linaloniuma zaidi.

Niambie kama ulikuwa unajua. Ukinidanganya, usiwe mjukuu wangu.

Mosi binti Kibwana


Mwembesongo
23 Mei 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Wallahi sikujua. Nilikuwa nakata kabichi kwa ajili ya chakula cha jioni, kisu kikagonga jani la mgomba. Nimesoma nikiwa na kisu mkononi.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye koti lake lililotundikwa nyuma ya mlango. Ukurasa wa pili ulikuwa kwenye mfuko wa ndani, umekunjwa mara nne, karibu na leseni yake. Hakuutupa. Hadi sasa sielewi kwa nini hakuutupa.

Niliuweka mezani mbele yake. Hakukana, Bibi. Nilitamani akane nipate la kupigana nalo. Alisema taratibu, kama anaagiza chai, "Fundi aliikaza springi kabla sijaileta huko." Nikamuuliza, kwa nini kwa Bibi? Vijiji vyote vile, kwa nini baraza la Bibi? Akasema, "Kwa sababu pale hakuna mtu ambaye angeuliza." Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nafua shati lake kila siku.

Nimelala kwa mama mkubwa. Leo kazini nimeunguza kitunguu mara mbili.

Bibi, naomba jambo moja, usinikatalie. Ameahidi kesho analeta mizani mpya, iliyonyooka. Ataitundika palepale, ya zamani ataishusha. Kuanzia hapo watu watapimiwa haki yao, na hakuna atakayejua. Kinachoning'inia pale si mizani, ni jina lako. Miaka sabini na minne, umesema mwenyewe. Ukitangaza, nani ataamini kwamba mwenye nyumba hakujua? Nyamaza tu. Kwa ajili yako, siyo kwa ajili yake.

Mwanvita wako


Luhindo, barazani
24 Mei 2024

Kwa heshima ya Bibi,

Shikamoo Bibi. Nimegonga mlango, nikakumbuka kwamba husikii. Nikapunga mkono dirishani, ukavuta pazia. Basi naandika nyuma ya kikaratasi cha mzigo, nitakipitisha chini ya mlango.

Mizani mpya nimeitundika. Ijaribu kwa dumu. Ile ya zamani umeifungia ndani, nakuomba unipe niivunje, iishe.

Barua yako niliifungua, na ya mke wangu pia. Nilitaka kuichana ile ya dumu, ila uliniona nayo. Sikusudii kujitetea, lakini Bibi ujue wanunuzi wengi wanafanya hivi, mwingine anakaza zaidi yangu. Barabara hii inakula gari. Mwaka wa kwanza nilipima haki nikarudi mjini na deni. Nikasema nitakaza msimu mmoja tu. Msimu ukawa misimu.

Wewe sikukuibia. Mzigo wako niliuongezea kilo kwenye kikaratasi kila mara, ili usipunjike. Nimekuachia doti ya khanga juu ya kizingiti.

Msamehe mke wangu, hana kosa. Usiwaambie watu.

Mumeo wa utani,
Kondo


Luhindo
3 Juni 2024

Mwanvita,

Marahaba. Umenidhania nimekufa, najua. Nilikuwa sina mkono wa kuandikia.

Kwanza habari ya Kondo. Aliniandikia kwamba mzigo wangu alikuwa anauongezea. Nilisoma hapo mara nne. Maana yake mimi peke yangu kijiji kizima nilikuwa napata haki yangu! Khanga yake nimefungia mbuzi. Mimi kama mke mkubwa nimeshajitoa kwenye ndoa hii. Wewe ya kwako utaamua mwenyewe, sitakusukuma huku wala kule.

Ombi lako la kunyamaza nililitafakari wiki nzima. Nusura nilikubali. Ila mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nikifa nataka nizikwe na watu wanaonijua.

Ijumaa, siku ya kupakia, watu walipojaa, nilitoa ile mizani ya zamani nikaitundika pembeni ya mpya. Nikajaza dumu. Nikamwomba Mwalimu Agustino asome kwa sauti: kwenye mpya ishirini na kitu, kwenye ya zamani kumi na sita. Nikasema, "Ndugu zangu, hii ndiyo iliyowapima miaka mitatu kwangu. Sikujua. Leo najua, nimewaambia." Nikafumba macho, nikangoja zogo. Hata mimi zogo kubwa nalihisi kifuani.

Sikuhisi kitu. Nikafumbua macho. Hakuna aliyeruka, hakuna aliyeshika kichwa. Walikuwa wanaangalia miguu yao, kama Rehani siku ile.

Nikampa Mwalimu daftari langu na kalamu, nikamwambia aniandikie wanasema nini. Aliandika: Wanasema walikuwa wanajua.

Mwanvita, kalamu niliona kama imeandika moto. Nikauliza, tangu lini? Akaandika: Tangu mvua za mwaka juzi. Mwanaasha alipeleka gunia lake mjini mwenyewe, likasoma mia. Hapa lilikuwa limesoma themanini. Nikauliza, mbona hamkuniambia? Akataka kunirudishia kalamu. Nikampiga bega. Akaandika kwa herufi ndogo: Walikwambia. Mwanaasha alikuja hapa barazani mbele ya watu, akakwambia, Bibi, mizani hii inatuibia. Ukatabasamu. Ukasema, Inshallah.

Basi.

Wakaamini kwamba ninajua. Walidhani nagawana na mume wangu wa utani. Walikuwa wanalisema hapahapa, juu ya kichwa changu, wakipanga foleni, na mimi nawagawia ndizi nikitabasamu. Wakimaliza wananiambia shikamoo. Miaka miwili wameniambia shikamoo, na mimi naitikia marahaba kwa mdomo mpana. Jina nililokuwa naogopa kulipoteza, kumbe lilishakwenda zamani, mimi ndiye wa mwisho kupata habari. Na wiki tatu tu zilizopita Mwanaasha alisimama tena mbele yangu akisema kwa mikono, nami nikamwitikia vizuri.

Nilimtafuta kwa macho ili nimwombe radhi. Alikuwa ameshajitwika kapu lake, anashuka.

Jana nimejaza njegere zangu kwenye bakuli la ua jekundu, nimempelekea mpaka mlangoni. Hakutoka. Nimeliacha kizingitini. Unajua desturi yetu, chombo cha jirani hakirudi kitupu. Likirudi tupu nitakuwa nimejibiwa.

Bibi yako,
Mosi


Mwembesongo
6 Juni 2024

Bibi,

Shikamoo. Nimesoma barua yako kwenye benchi la kituo cha Msamvu, mama mmoja akaniuliza kama nimefiwa.

Na mimi nina la kukiri. Siku ile barazani nilikuwepo. Nilikuja kukuona mwaka juzi, mwezi wa nne, unakumbuka? Mwanaasha aliposema, nilikuwa ndani nakuna nazi. Nilisikia sauti yake, nilisikia neno "inatuibia". Nikadhani anamsema mtu mwingine. Au nilitaka kudhani hivyo. Masikio yangu ni mazima, Bibi, na sikusikia.

Jedwali nililipeleka tarehe 31. Madam Jesca amelibandika ukutani juu ya karo: njegere, bakuli moja ni kilo moja na robo. Kazi nimepata. Kila nikinawa mikono nalisoma, na kila nikilisoma naona baraza lako.

Kondo anasema tangu ulipotangaza amepanda mara mbili, anasimama pembeni ya mizani mpya na dumu, hakuna anayemuuzia. Anarudi na matenga matupu. Nimemwambia aendelee kupanda. Mimi bado niko kwa mama mkubwa.

Niambie bakuli likirudi.

Mwanvita


Luhindo
12 Juni 2024

Mwanvita,

Marahaba. Hilo ulilokiri kwangu nimelisoma, nikaliweka kando, nikalichukua tena. Sina hasira. Tulikuwa viziwi wawili, mmoja kwa umri.

Sasa natembea na daftari shingoni, limefungwa kwa kamba ya katani. Anayetaka kunisemesha aandike, asiyejua kuandika anishike mkono anionyeshe. Sisemi tena Inshallah kwa jambo nisilolijua. Wengi hawaandiki kitu. Wananipita. Shikamoo zimepungua, na nikipewa moja siku hizi naihesabu.

Bakuli lilikaa siku tisa. Kila asubuhi nilikuwa nafungua mlango, naangalia kizingiti kabla ya kuangalia mbingu. Siku ya tano nikajiambia, mwanamke, bakuli limeshakuwa la kulishia kuku.

Jana limerudi. Niliamka kusali, nikafungua, likawa hapo limefunikwa jani. Nilikaa nalo chini nikaogopa kufunua. Nikafunua. Njegere, Mwanvita! Mbichi, za kumenywa, zake si zangu, maana zake ni ndogo na tamu. Hazikuwa na kilele. Alikuwa amejaza, akapitisha kiganja, sawasawa na ukingo. Na juu yake kikaratasi kilichochanwa kwenye daftari la shule, kwa mwandiko wake mzito: Bibi, pima.

Nilizipeleka barazani, nikazitundika kwenye mizani mpya. Nilipogeuka, alikuwa amesimama kwenye njia ya chini na kapu lake kichwani, ananitazama. Nikanyanyua kidole kimoja, halafu nikabana ncha ya kingine, kumwonyesha robo. Kilo moja na robo. Akatikisa kichwa kukubali. Akatua kapu.

Bibi yako,
Mosi binti Kibwana